Theluji ya Longbridge, Mvua ya Shard End

Mwatima alikuwa na kazi mbili, zote za hali ya hewa. Mchana aliajiriwa na kampuni iliyopima ubaridi wa barabara, ili halmashauri za miji zijue ni usiku gani wa kutoa magari ya kumwaga chumvi. Jumatatu na Alhamisi jioni alipanda ngazi hadi kwenye chumba kidogo juu ya duka la kutengeneza simu, pale Northfield, akawasomea Waswahili wa Birmingham utabiri wa hali ya hewa kwenye redio ya mtandaoni. Kazi hii ya pili haikuwa na mshahara. Aliianza kwa sababu Ogle, mwenye redio, alimwambia kwamba wasikilizaji wake wengi ni wauguzi na wahudumu wa wazee wanaotoka nyumbani alfajiri, na kwamba wengi wao huchungulia tu dirishani kabla ya kuamua wavae nini.

Ogle alikuwa Msomali aliyekulia Garissa, mwenye maneno mengi akiwa hewani na machache akishazima kipaza sauti. Mwatima alizaliwa Kwale, juu kwenye vilima vya Shimba, akaja Birmingham kusomea elimu ya hali ya hewa, akabaki. Alichokipenda katika kazi ya redio ni kutafuta maneno. Kwa Kiingereza alikuwa na maneno tele ya baridi. Kwa Kiswahili alilazimika kuyachonga, na wasikilizaji hawakukawia kumkosoa. Ile mvua inayoanguka ikiwa nusu maji nusu theluji aliwahi kuiita mvua chafu. Mama mmoja wa Tanga akapiga simu kusema mvua ni rehema, haiwezi kuwa chafu, na tangu siku hiyo ikawa mvua ya theluji.

Jumatatu moja ya Januari aliziangalia ramani zake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mvua ilikuwa inakuja kutoka magharibi, na hewa iliyokuwa juu ya mji ilikuwa baridi, lakini baridi ya kubahatisha, iliyokaa pale pale ambapo maji hayajui yagande au yasigande. Alipofika hewani alisema, "Huenda kesho alfajiri theluji ikaanguka katika baadhi ya sehemu, hasa zile za juu. Vaeni viatu vizuri." Ogle akamshukuru, akaweka wimbo.

Asubuhi ya Jumanne theluji ilianguka. Kule Longbridge, ambako nyumba zinapanda kuelekea vilima vya Lickey, ilifunika viatu, ikafunika magari, ikakalia nyaya za simu mpaka zikalegea. Shule zilifungwa na basi likaishia chini ya mlima, watu wakashuka na kuendelea kwa miguu. Shard End, upande wa pili wa mji, bondeni karibu na mto, ilinyesha mvua ya kawaida. Watoto wa kule walikwenda shule wakiwa wamelowa na kununa, maana waliona kwenye simu zao picha za wenzao wakifinyanga theluji.

Miongoni mwa waliotoka nyumbani asubuhi ile alikuwemo Kemunto. Alikuwa mwenyeji wa Nyamira, mwenye umri mkubwa kidogo kuliko Mwatima, na ndiye aliyemwazima koti la kwanza la baridi walipokuwa wakiishi nyumba moja, Mwatima akiwa bado mwanafunzi. Kazi yake ilikuwa kuwazungukia wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwapa dawa na kuwapikia. Wa kwanza kila siku alikuwa Mzee Yarrow, mjane aliyepaka rangi magari kiwandani Longbridge mpaka kiwanda kilipofungwa, na aliyeishi peke yake katika nyumba ya mwisho kwenye barabara ya mlimani.

Kemunto alitoka Northfield kwa gari saa zake za kawaida. Barabara kubwa ilikuwa imemwagwa chumvi, nyeusi na yenye majimaji, akaona hakuna neno. Alipokata kona kupanda kwa mzee, gari lilianza kurudi nyuma lenyewe, polepole, huku amekanyaga breki. Liligusa ukingo wa njia likasimama. Aliliacha hapo hapo likiwa limekaa upande, akapanda kwa miguu akishika kuta za watu. Njia ambayo kwa gari ni ya kufumba na kufumbua macho ilimchukua sehemu kubwa ya asubuhi.

Mzee Yarrow alimsubiri dirishani. Alipoona amechelewa, alifikiria jambo ambalo mtu mwema hulifikiria: kwamba huyu mama atakapofika atateleza kwenye ngazi za mlangoni. Akavaa sweta, akachukua ufagio, akatoka na ndara zake kwenda kumfagilia njia. Kemunto alimkuta amelala ubavu chini ya ngazi, theluji imeanza kumkalia mabegani, macho yake yako wazi. Alikuwa hai. Alimwambia Kemunto aangalie ngazi ya pili, ndiyo mbaya. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika.

Mwatima alipata habari mchana akiwa kazini, kwa ujumbe mfupi kwenye simu. Kemunto aliandika kwamba mzee ameanguka, kwamba yuko naye hospitali, kwamba atampigia. Hakupiga siku hiyo, wala asubuhi iliyofuata.

Ofisini walikuwa na desturi ya kuitathmini kila theluji inapopita, wakilinganisha walichotabiri na kilichotokea. Wakaitathmini na hii. Magari ya chumvi yalitoka kwa wakati, barabara kubwa zilipitika, na mkuu wao alisema ni kazi nzuri. Mwatima alikaa akisikiliza. Kwa hesabu za ofisini Jumanne ile ilikuwa siku njema, na barabara ya Mzee Yarrow haikuwemo katika hesabu hizo, kwa kuwa hakuna gari la chumvi linalopanda kule. Akajiambia kwamba na yeye pia hakukosea. Alisema theluji, ikaja theluji. Alisema sehemu za juu, ikaanguka sehemu za juu. Alijirudia hivyo njia nzima kwenye basi, na kila aliporudia aliona kana kwamba anamjibu mtu ambaye hajamuuliza kitu.

Jumatano alipotoka kazini hakwenda kwake. Alishuka Northfield akagonga kwa Kemunto.

Kemunto alimfungulia, akamkaribisha, akaweka maji ya chai motoni. Kampuni yake ilimpa siku mbili za kupumzika, na ya kwanza alikuwa ameitumia kufua kila kitu kilichokuwemo ndani ya nyumba. Mapazia yalikuwa yametandazwa juu ya viti. Alisimulia yote tangu gari liliporudi nyuma hadi wauguzi walipompokea mzee, bila kupandisha sauti. Mzee amefanyiwa upasuaji, alisema, na alipozinduka aliuliza kama yeye Kemunto amefika salama.

Mwatima alisema pole. Kisha, kwa kuwa neno lilikuwa limemkaa kooni siku nzima, akaongeza kwamba alitangaza Jumatatu.

"Nilikusikia," Kemunto alisema. "Nilikuwa nachuja chai, hapo hapo nilipo sasa. Ulisema huenda."

"Ndiyo."

"Nikajiambia, Mwatima akiwa na uhakika husema. Leo hajasema, basi hakuna kitu."

Mwatima akaanza kumweleza. Alisema kwamba kwake yeye hilo huenda si neno la hivi hivi tu, lina kipimo. Kwamba jioni ile aliona theluji ina nafasi kama nne katika kumi, na hiyo si ndogo, kwa kazi yao hiyo ni kubwa ya kutosha kuwaamsha madereva wa magari ya chumvi. Aliongea kwa kirefu, akichora kwa kidole mezani jinsi ubaridi unavyopanda na kushuka kwenye vilima. Kemunto alimwacha amalize, akammiminia chai.

"Sasa hizo nne katika kumi mimi nitazifanyia nini?" akauliza. "Nusu yangu iende shifti, nusu ibaki nyumbani? Mimi hiyo huenda yako sina mahali pa kuiweka, Mwatima. Nina kwenda ama kutokwenda." Alikaa chini mkabala naye. "Wacha nikuulize. Ungekuwa wewe ndiye una Mzee Yarrow kule juu, na unajua vile ulivyojua jioni ile, ungefanya aje?"

Mwatima hakuhitaji kufikiri, na hilo ndilo lililomuumiza. "Ningelala kwake Jumatatu," akasema. "Au ningeliacha gari chini, nikaamka mapema nikapanda kwa miguu. Na ningempigia simu kumwambia asitoke."

"Basi hilo ndilo ungesema."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Mwatima alimweleza kwamba walifundishwa wasiwaamulie watu. Mtabiri husema kinachoweza kuja, na mtu na akili yake huchagua. Akasema pia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote, kwamba anaogopa. Akiwaambia watu wasitoke halafu jua likawaka, kuna ambaye atakuwa amepoteza siku ya kazi kwa ajili yake, na watu wa redio ile si watu wa kupoteza siku ya kazi. Kemunto alikubali kwamba hilo ni kweli. Kisha akasema kwamba hata hivyo, mtu akikosea upande huo, atakayeumia ataumia akiwa ameketi. Wakanywa chai. Mwatima alimsaidia kutundika mapazia, akaenda zake.

Alhamisi jioni alimwambia Ogle kwamba leo ataanza na theluji iliyopita kabla ya kufika kwenye utabiri. Ogle hakupenda. Alisema watu hawataki habari ya theluji iliyokwisha yeyuka. Wanataka kujua kesho. Alisema pia, kwa upole, kwamba mtu anayesimama mbele za watu kuhesabu makosa yake huwafundisha watu kuyahesabu. Mwatima akamwambia kwamba ni dakika chache tu. Ogle akainua mikono, akamfungulia kipaza sauti.

Aliwaeleza wasikilizaji kilichotokea Jumanne. Aliwaambia kwamba mji huu si tambarare kama unavyoonekana kutoka ndani ya basi. Kwamba Longbridge iko juu na Shard End iko chini, na siku ile tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoigeuza mvua kuwa theluji upande mmoja na kuiacha ikiwa mvua upande wa pili. Wale wa kwetu pwani, alisema, mnajua mtu hutoka Kwale na sweta, akifika Ukunda anatafuta kivuli. Wale wa Tanga mnayajua ya Lushoto na Korogwe. Kisha akasema hivi:

"Nilipotangaza Jumatatu nilitumia neno huenda. Mimi nilijua nina maana gani, lakini sikuwaambia. Wako waliolisikia neno hilo wakadhani hakuna kitu, wakatoka, na mtu mmoja sasa yuko hospitali. Nawaomba radhi. Na kama yupo aliyelisikia vingine, simu iko wazi."

Ogle alimtazama kupitia kioo. Simu ikalia.

Alikuwa Papa Kabeya, mzee wa Lubumbashi aliyefanya kazi kwenye ghala la vyakula upande wa Shard End. Alianza kwa kuwasalimu wote, akaulizia afya za watangazaji, kisha akasema kwamba yeye Jumatatu alisikia neno moja tu, theluji. Alimpigia bosi wake kumwambia kesho hafiki, akafunga mlango, akaweka supu motoni. "Asubuhi naangalia inje, ni maji tu. Mvula," alisema. "Bwana wangu anauliza, Kabeya, iko wapi neige yako, ile theluji?"

Mwatima alimwomba radhi naye pia. Papa Kabeya akasema hakuna shida, supu ilikuwa nzuri. Kisha akasema kitu kilichomfanya Ogle asogee karibu na kipaza sauti. "Lakini, mama, tuambiane. Kwetu muntu akisema labda, njo anakatala na adabu. Mukenya akisema labda, nasikia ni kusema ndiyo, ila si leo. Sasa weye unatuambia huenda. Tutajua namna gani?"

Simu zikafuata, na kwa robo saa hivi kipindi cha hali ya hewa kikawa kipindi cha lugha. Muuguzi mmoja alisema kwao huenda ni zaidi ya labda. Mtu wa Dodoma alisema pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Mama wa Tanga, yule wa mvua chafu, alisema yote hayo ni bure, mtu aseme inshallah akae kimya. Mwatima, ambaye hakuwahi kusoma utabiri bila kuimaliza habari yake kwa inshallah, alicheka peke yake mezani. Lakini aliona alichokuwa anakisema Kemunto. Kila mmoja katika hawa alikuwa na mlango wake, na neno moja liliposukumwa hewani lilifungua huu likaufunga ule.

Utabiri wenyewe ukabaki. Kwa Jumapili kulikuwa na mawingu mengine yanakuja kutoka magharibi, mazito zaidi kuliko yale ya kwanza, na baridi ilikuwa imezidi. Aliiona nafasi yake kuwa zaidi ya nusu. Akaiangalia ramani mara ya mwisho, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Naona theluji Jumapili asubuhi sehemu za juu: Longbridge, Rubery, na huku Northfield kidogo. Sina hakika. Nikiweka siku kumi kama hii, sita zitaanguka theluji, nne hazitaanguka. Lakini ningekuwa mimi nina mgonjwa wa kumhudumia kule juu, ningekwenda kwake Jumamosi nikalala huko huko. Wa Shard End, ningekuwa mimi ningekwenda kazini na mwavuli."

Alipotoka pale hakuhisi wepesi wowote. Alihisi kama mtu aliyemtwika mwenzake chungu kizito.

Ijumaa na Jumamosi maneno yake yalizunguka mji kwenye simu za watu. Kanisa la Wakenya la Northfield lilitangaza kwamba ibada ya Jumapili itafanyika kwa njia ya mtandao, kwa ajili ya wazee. Wauguzi walibadilishana zamu. Kemunto, ambaye alikuwa amerudi kazini na kupewa mama mmoja mgonjwa katika mtaa ule ule wa mlimani, alimwandikia Mwatima kwamba amefunga nguo zake za kulalia na anaondoka. Mwatima aliusoma ujumbe huo mara nyingi. Alizifungua ramani, akazifunga, akazifungua tena. Jumamosi jioni mawingu yalikuwa yamepunguza mwendo, lakini bado yalikuwa njiani.

Jumapili aliamka kukiwa na giza, akasikiliza. Theluji ikianguka mji hunyamaza kwa namna yake, hata magari huwa kama yamevaa soksi. Asubuhi ile alisikia matone kwenye bomba la paa. Alivaa buti, akaenda kwa miguu mpaka kule mlimani Longbridge, kwa kuwa hakuweza kukaa ndani. Njia nzima mvua ilimpiga usoni, baridi, nyembamba, yenye hamu ya kuwa theluji ikashindwa. Alipofika juu kabisa alisimama chini ya paa la kituo cha basi na kutazama vilima. Vilikuwa vya kijani na kijivu. Theluji yote ilikuwa imeangukia Wales, kule magharibi, kabla ya kuufikia mji.

Alikumbuka mahubiri yanayosomwa asubuhi hiyo mbele ya simu, na viti vitupu. Aliwakumbuka watu asiowajua walioacha zamu zao. Mkuu wake angesema kwamba zile nne za kukosa katika kumi ndizo hizi, na angekuwa sahihi. Mwatima alijaribu kulisema hilo kwa sauti, peke yake pale kituoni, kwa Kiswahili, na halikumtuliza. Ila alijiuliza kama, laiti angerudishiwa Alhamisi, angesema vingine. Akaona hapana. Angesema vile vile. Alishangaa kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja kifuani mwa mtu mmoja, majuto na kutobadili neno.

Simu yake ikalia. Alikuwa Kemunto.

"Hakuna theluji," Kemunto akasema.

"Hakuna. Niko huku juu, naona."

"Nimelala kwenye kochi la huyu mama. Kochi fupi. Mgongo unaniuma, na umenikosesha kanisa."

"Nisamehe, dada."

"Sijasema nimekasirika. Nimesema mgongo unauma." Mwatima akasikia kijiko kikigonga kikombe. "Tumekunywa uji wa shayiri, huyu mama ananifundisha kufuma sweta. Hatoki dirishani. Amesema tangu bintiye ahamie Australia hajaamka akakuta mtu nyumbani." Kijiko kikagonga tena. "Rudi nyumbani, Mwatima. Utaugua."

Jumatatu jioni Mwatima aliitathmini Jumapili kama alivyoitathmini Jumanne. Watu walimtania. Mmoja alimwita nabii wa Wales, na jina hilo likamganda. Mchungaji wa kanisa alipiga simu hewani kulalamika, kwa heshima, kwamba sadaka ya mtandaoni huwa nyembamba, kisha akauliza kuhusu Jumapili ijayo. Papa Kabeya alisema alikwenda kazini na mwavuli na hakulowa. Hakuna aliyezima redio. Ogle, ambaye aliogopa wasikilizaji watapungua, alimwambia nje ya hewa kwamba hawakupungua. Alikuwa akivaa koti, na hakusema zaidi ya hapo. Tangu wiki hiyo Mwatima aliufuata mtindo ule: alisema alichokiona, akasema ni kwa kiasi gani, akasema yeye mwenyewe angefanya nini. Siku nyingine alipata, siku nyingine alikosa. Juma lililofuata ilianguka theluji ndogo Alhamisi alfajiri, na watu wa mlimani walikuwa wamejiandaa.

Mzee Yarrow alikaa hospitali mpaka mwanzoni mwa Februari. Kemunto alikwenda kumwona kila alipopata nafasi, na mara moja akaenda na Mwatima, akamtambulisha kuwa ndiye anayesoma hali ya hewa. Mzee alimtazama kwa makini, kama mtu aliyekuwa na hamu ya kumwona fundi wa kazi hiyo. Alisema theluji ya kweli ya Longbridge ni ya Februari, huja watu wakishaweka makoleo stoo. Alisema zamani kiwandani walijua imeanguka hata kabla ya kutoka nje, kwa vile rangi ilivyokataa kukauka. Mwatima alimuuliza zaidi kuhusu hilo na mzee akaeleza kwa raha mpaka muuguzi akaja. Ngazi ya pili hakuitaja. Madaktari walikuwa wamekubali arudi nyumbani Jumatatu inayofuata, mradi pawekwe vyuma vya kushikilia mlangoni na mtu wa kumwangalia mara mbili kwa siku.

Jumamosi kabla ya siku hiyo wanawake hao wawili walipanda kwenda kuiandaa nyumba. Ilikuwa siku kavu, yenye jua, baridi ya kuuma masikio. Mafundi walikuwa wamekwisha funga vyuma. Kemunto aliingia ndani kubadilisha mashuka na kuwasha mitambo ya joto, na Mwatima akabaki nje akiitazama barabara ile ambayo mpaka siku hiyo aliijua kwa jina la mtaa tu.

Aliona jambo ambalo hakuna ramani yake iliyomwonyesha. Nyumba ya mzee ilikuwa ya mwisho, na nyuma yake mlima uliinuka na miti yake ikasimama upande wa kusini, ikalizuia jua. Nyumba nyingine zote za mtaa zilikuwa na mwanga mlangoni. Ya mzee ilikaa kivulini, mchana ule ule wa jua, na pembeni mwa ngazi, ukutani, palikuwa na rundo la theluji ya zamani, limekuwa jeusi kwa vumbi na gumu kama jiwe. Mji mzima ulikuwa umekwisha isahau theluji. Pale ilikuwa bado inakaa.

Alimwita Kemunto. Kemunto akatoka, akalipiga rundo lile teke dogo kwa ncha ya kiatu, halikutikisika.

"Hapa jua halifiki," Mwatima akasema.

"Halifiki mpaka Machi. Mzee aliniambia mwaka juzi." Kemunto aliinama akaligusa. "Hujawahi kuniuliza."

Mwatima alisema kwamba sasa anauliza. Kemunto akaanza kumweleza, akinyoosha kidole: nyumba ile pale hupata jua adhuhuri, ile ya kona ina bomba linalovuja na maji yake huganda njiani, kwenye ile yenye mlango mwekundu kuna mzee mwingine anayetoka na mbwa hata iweje. Aliyajua yote kwa kupita. Mwatima alisikiliza, akiuliza hapa na pale.

Kisha wakatafuta koleo kwenye banda la mzee. Kemunto alivunja barafu, Mwatima akaibeba mapande kwa mapande mpaka upande wa pili wa barabara, akayaweka pale palipokuwa na jua.